Msafisha Sauti wa Kimanga

Ukuta unaotenganisha kibanda changu cha kushonea na studio ya shemeji yangu Venant ni wa tofali moja tu, tena uliojengwa na fundi mwenye haraka zake. Anachosikiliza yeye nakisikia mimi, ninachoshona mimi anakisikia yeye. Kwa miaka mingi alikuwa akiugonga ukuta huo kwa ngumi na kupiga kelele, "Shemeji! Mashine!" Nami nilikuwa naondoa mguu kwenye pedali, namwacha arekodi ubeti wake, huku nikimtukana kimoyomoyo. Siku hizi hagongi tena. Anacheza kipande kimoja cha wimbo wa Pasaka, mwisho wa ubeti wa tatu na mwanzo wa ubeti wa nne. Anakirudisha, anakicheza tena, na mimi nasimamisha mashine bila kuambiwa.

Majirani wa mtaa wetu wa Kimanga, hapa Uvira, wanasema ameanza kuchanganyikiwa. Mimi ni Spès, mdogo wa marehemu mke wake Agnès, na nasema hajachanganyikiwa hata kidogo. Angechanganyikiwa, ningemhurumia tukaishia hapo. Anajua sawasawa anachokitafuta, na anajua ni nani aliyekiondoa.

Venant ni mtoto wa mvuvi wa Kalundu ambaye hakupenda samaki, hakupenda mtumbwi, na alitapika kila alipopelekwa ziwani. Baba yake alichoka naye, akampeleka kwa Frédéric, fundi wa redio moja ya mjini, akamwambia amtumie kubeba nyaya. Venant akabeba nyaya. Kisha akaanza kuuliza maswali, na Frédéric, ambaye hakuwahi kuulizwa kitu na mtu yeyote pale redioni ila lini umeme utarudi, akafurahi mno akamfundisha kila alichokijua.

Mafundi wengine walipoitwa kurekodi kwaya, waliweka maikrofoni moja mdomoni mwa mwimbaji mkuu, basi. Frédéric hakufanya hivyo. Alikuwa akiingia kanisani mapema, anatembea kati ya mabenchi akipiga makofi, anasimama, anasikiliza, anasogea. Watoto walimcheka. Akishapata mahali pake, aliinua mti wa mwanzi wenye maikrofoni mbili juu yake, zikitazama pande mbili kama masikio ya mtu, halafu hakugusa kitu tena mpaka ibada iishe. "Usirekodi mudomo," alimwambia Venant. "Rekodi nyumba."

Venant alinieleza maana yake mara nyingi kuliko nilivyotaka kuisikia. Mtu akiimba kanisani, sauti yake inakufikia mara ya kwanza moja kwa moja kutoka kinywani. Halafu inakufikia tena kutoka ukutani, tena kutoka kwenye mabati, tena kutoka sakafuni, kila mara ikiwa imechoka kidogo. Wewe huna habari, lakini sikio linayahesabu yale marudio yote, na kwa hayo linajua nyumba ni kubwa kiasi gani, mwimbaji amesimama wapi, na wewe umeketi wapi. Ukiyaondoa, unabaki na mtu anayeimba pasipo mahali, na sikio halimwamini.

Nyumbani nako alikuwa na sheria zake. Alikuwa na spika mbili kubwa za mbao, baffle kama tunavyoziita, alizozitengeneza mwenyewe, na hakutaka zikae pembeni kama kabati. Alizileta katikati ya sebule, mbali na ukuta, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Mbele yake akaweka kiti kimoja, ili vitu hivyo vitatu vifanye mafiga. Ili asipoteze mahali hapo, alichukua rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, akapaka alama kwenye simenti. Agnès alikuwa akipiga deki anazisukuma zile spika ukutani, anazitandikia vitambaa vya kufuma na kuweka chombo cha maua ya plastiki juu. Venant akirudi anazivuta tena mpaka kwenye alama.

"Minye niliolewa na bwana," Agnès alikuwa akisema, "siolewi na baffle. Bageni bakikuja bataikala wapi? Juu ya mawimbo?"

Jumapili moja mchana alinikalisha kwenye kile kiti ili nisikie wimbo wa Pasaka aliourekodi kanisani kwetu. Nilikaa ili kumridhisha tu, kwa kuwa chakula kilikuwa hakijaiva. Akawasha. Nyuma yangu mlango wa kanisa ulilia, nikageuka nione nani anachelewa, nikaona ukuta wa sebule na kalenda. Venant alicheka mpaka akashika meza. Lakini mimi sikuweza kucheka. Kwaya ilikuwa imesimama mbele yangu: sauti za juu upande wa dirisha, sauti nzito upande wa kabati, na ngoma nyuma yao, mbali, mahali ambapo kwa haki palikuwa uani kwa jirani. Mzee mmoja alikohoa. Mtoto alilia, akatolewa nje, na nikasikia kilio chake kinatembea mpaka mlangoni. Kisha, kabla ubeti wa tatu haujaisha, upande wa kulia, kama benchi la tatu, zikapasuka impundu.

Impundu ni vigelegele vya kina mama wa kwetu, na zile zilikuwa za Agnès, hakuna aliyeweza kukosea. Sisi tulikulia milimani Lemera, ambako mama akifurahi upande huu wa bonde hupiga ili na wale wa upande wa pili wajue. Agnès alishuka Uvira na pumzi ile ile, akaiingiza kanisani chini ya mabati. Tena hakungoja. Wanawake wengine hupiga wimbo ukifika mwisho; yeye alitangulia. Neno la mwisho la ubeti likiwa bado midomoni mwa kwaya, yeye alikuwa keshafika. Basi nikageuza kichwa. Dada yangu alikuwa ameketi pembeni yangu anachambua maharage, na wakati huo huo alikuwa kule mbele, kulia, anapasua kanisa.

"Umemusikia?" Venant aliniuliza. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Agnès akamrushia harage.

Hayo yalikuwa mambo ya mwanzoni. Yaliyofuata nayasema kwa hasira, na sitaomba radhi.

Kwaya yetu ilikuwa na mwenyekiti aitwaye Gédéon, mtu wa suti, mwenye simu nzuri. Siku moja alirudi kutoka Bujumbura na nyimbo za kwaya ya kule, akaja nazo studio. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikitia pindo.

"Ndugu Venant, kazi yako haiko propre," alisema. "Nasikia mutoto analia, nasikia muzee anakohoa, nasikia pikipiki inapita. Sikiliza hii ya bale. Hata kelele moja!"

"Lakini président," Venant akamjibu, "bile bintu bilikuwa mu kanisa."

"Bilikuwa, ndiyo. Tulibialika?"

Niliwasikia wote wawili wakicheka, na nadhani ni katika kicheko hicho Venant alipotea. Neno hilo, propre, lilimwingia. Kwetu mtu akikwambia kazi yako si safi amekutukana, maana hata maskini kabisa wa Uvira huenda kanisani na shati lililopigwa pasi. Akaanza kujifunza kwenye ordinateri, yaani kompyuta, namna ya kusafisha sauti. Aliuacha mwanzi wa Frédéric uani, Agnès akaanikia nguo juu yake. Akaweka maikrofoni moja kwa kila mdomo, karibu kiasi cha kuilamba. Kila aliyevuta pumzi alimwondolea pumzi. Kikohozi, mtoto, mvua juu ya mabati, mashine yangu, vyote vilitupwa. Na kwa kuwa sauti zilizobaki zilikuwa kavu kama unga, alizinyunyizia mwangwi wa ndani ya ordinateri, wenye jina la "cathédrale". Kanisa letu la mabati na mabenchi ya mkaratusi likapata mwangwi wa Roma.

Na watu walipenda! Kwaya zilikuja kutoka Makobola, zilikuja kutoka Sange, zikapanga zamu mlangoni kwake. Watoto wa mtaa wakamwita Venant Propre, naye akaitika. Mimi ni mshonaji, najua nguo inayopigwa pasi kila siku: inafika wakati inang'aa magotini na haina tena sura ya mwenye nguo. Nilimwambia. Alisema naona wivu tu kwa kuwa mashine yangu imetupwa nje. Nilikaa tena kwenye kile kiti mara moja, nikasikiliza kwaya yetu ikiwa imesafishwa, na hakuna aliyesimama upande wa dirisha wala wa kabati. Wote walikuwa ndani ya spika, wamebanana, wanaimba vizuri sana. Spika zikarudi ukutani zikavaa vitambaa vyao na maua yao, maana kwa nyimbo za namna ile ilikuwa mamoja zikae wapi. Agnès alishinda vita vya sebule bila kupigana, na nakumbuka ushindi wenyewe haukumfurahisha.

Kisha Gédéon akataka hata nyimbo za zamani zisafishwe, na ule wa Pasaka ukiwemo. Venant alikaa nao. Vikohozi vilimsumbua kidogo, mtoto kidogo zaidi, lakini adui mkubwa alikuwa mke wake. Impundu zilipiga sindano ya kipimo mpaka kwenye nyekundu. Na kwa kuwa Agnès alitangulia, alikuwa amelalia neno la mwisho la kila ubeti kuanzia wa pili. Huwezi kumkata yeye usikate na neno. Basi alichukua neno lile lile kutoka ubeti wa kwanza, ambako Agnès alikuwa bado hajachangamka, akalibandika mahali pote. Alinionyesha kiraka hicho kwa majivuno, fundi kwa fundi, na kweli mshono haukuonekana. Alipomaliza aliifuta rekodi ya mwanzo. Hiyo ilikuwa sheria yake mpya, aliirudia kwa kila mteja: "Sauti chafu hailale mu ordinateur yangu."

Agnès hakujua chochote kuhusu viraka. Alichojua ni kwamba mume wake alianza kumwomba anyamaze.

"Mama Naomie," alimwambia, kwa jina la binti yao, "kesho tuko narekodi. Ngoja bamalize kwanza, njo upige."

"Minye siwezi ngoja. Ikikuja, inakuja tu."

"Weka mukono ku mudomo."

Aliweka mkono mdomoni. Nilikuwa karibu naye benchi la tatu, nilimwona mabega yakitetemeka kama mtu anayezuia chafya, na wimbo wa pili ulipopanda ule mkono haukufua dafu. Kule nyuma ya vyombo vyake Venant alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kupunguza sauti. Alikuwa anamvizia, na bado alichelewa. Alichelewa siku ile, alichelewa kila mara. Hakuwahi hata siku moja kumwahi mke wake.

Ikafika jubilei ya kwaya. Wageni walikuwa wengi, Gédéon alikuwa na suti mpya, na rekodi ilitakiwa iwe propre kuliko zote. Asubuhi ile nilikuwa kwao nampimia Naomie sketi, nikasikia kwa masikio yangu. Venant hakupayuka, hakufoka. Alisema kwa upole kabisa, akifunga viatu:

"Leo ubaki tu ku nyumba, Mama Naomie. Utatupikia maharage. Tutarudi na njaa."

Agnès alimtazama kidogo. Akasema, "Sawa, Baba Naomie." Akavua kilemba alichokuwa ameshakifunga.

Na kweli rekodi ya jubilei haina doa. Lakini kuanzia siku ile dada yangu hakupiga tena impundu kanisani, hata Jumapili za kawaida ambapo hapakuwa na maikrofoni yoyote. Alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Watoto walibatizwa, vijana wakafunga ndoa, na yeye alipiga makofi kama wageni. Mimi niliona tangu wiki ya kwanza. Nilimuuliza, akasema koo. Venant alikaa muda mrefu bila kuona kitu, na alipoona alidhani mke wake amezeeka ametulia. Alifurahi. Siku ananiambia kwamba alifurahi, ilibidi nitoke nje ya nyumba.

Agnès alifariki msimu wa mvua. Alikuwa anaanua nguo kabla hazijalowana, akaanguka na shuka mikononi. Ilikuwa tension, shinikizo la damu, daktari alisema. Mimi ndiye niliyemshonea nguo ya mwisho. Venant aliketi kwenye msiba siku zote akiwa ameinamisha kichwa, na walipomuuliza kama atarekodi kwaya ya mazishi alitikisa kichwa tu.

Mambo yangeishia hapo kama Naomie asingechumbiwa. Alimpata Bienvenu, mwalimu wa Sange, kijana mpole. Mahari ikaletwa, tarehe ikapangwa. Sasa kwetu, bibi arusi akitolewa nyumbani kwa wazazi wake, mama yake ndiye anayetangulia kupiga impundu pale mlangoni. Yeye akishafungua njia, wanawake wote wanafuata. Hakuna anayemtangulia mama. Naomie aliyafikiria hayo, akaja studio siku moja mchana, akakaa juu ya kisanduku cha nyaya.

"Papa, weye uko na sauti za bantu bote ba Uvira. Nipatie ya mama. Moja tu, ya kutoka nayo ku nyumba."

Upande wangu wa ukuta nilisimamisha mashine. Nilitaka kusikia atajibu nini. Alisema, "Nitatafuta."

Alitafuta. Alifungua kila wimbo alioutengeneza tangu aanze. Walikuwemo watu waliokufa zamani, wakiimba kwa usafi. Zilikuwemo harusi, ibada, jubilei. Mke wake alikuwa ameketi katika karibu zote hizo, na hakuwemo hata katika moja. Aliwatafuta wenye simu. Binamu yetu Providence alikuwa na video ya mahari ya mtu, na ndani yake Agnès anapiga impundu. Tulishukuru Mungu. Venant aliiunganisha kwenye spika, tukakaa wote.

Ilitoka sauti nyembamba kama filimbi ya bati. Simu husikiliza kwa tundu moja dogo kuliko la sindano, na ikipigiwa kelele hujikunja. Uani pale palikuwa na watu tele na mlima nyuma yao, lakini katika simu palikuwa na kamwanamke kadogo kanapiga mluzi ndani ya kopo.

"Hii haiko mama," Naomie alisema.

"Njo yeye, mwanangu," Venant alisema.

"Ni yeye, lakini haiko hapa."

Venant aliinamisha kichwa. Ni yeye aliyemfundisha mtoto huyo tofauti hiyo, Jumapili za zamani, akimkalisha kwenye kile kiti miguu ikining'inia.

Zilipobaki siku chache kabla ya arusi, nilikuwa natia lulu kwenye gauni la Naomie, ukuta ukagongwa. Ngumi ile ile.

"Shemeji! Mashine!"

Nilinyamazisha.

"Kuja."

Nilimkuta sebuleni kwake. Ameondoa maua na vitambaa, amevuta spika katikati ya nyumba. Miguu ya spika ilikuwa juu ya zile alama za rangi ya kucha, ambazo hazikuwa zimefutika hata baada ya deki zote zile. Akanionyesha kiti. Akaweka wimbo wa Pasaka, ule uliosafishwa, na safari hii aliuondolea ule mwangwi wa Roma aliouongeza, ukabaki mtupu.

"Ubeti ya tatu," alisema. "Usisikilize kwaya. Sikiliza mukono ya kushoto."

Nikasikiliza. Ubeti ukafika mwisho, likaja neno la kiraka, na kwaya ikaingia ubeti wa nne. Na pale, chini ya neno la kwanza la ubeti wa nne, upande wa kushoto ambako dada yangu hakuketi kamwe, kilikuwepo kitu. Kilikuwa kinaondoka. Kilikuwa kama mkia wa sauti, ukitetemeka juu ya ukuta wa upande wa barabara, halafu basi.

"Ni ukuta," Venant alisema. "Nilikata mama ya Naomie pale alifunga mudomo. Nilisahau ukuta ilikuwa haiyanyamaza. Ilikuwa inamuitika bado."

Akaurudisha. Tukasikia kanisa letu likimwitikia mtu ambaye hayupo. Nyumba ilikuwepo. Kimo cha mabati kilikuwepo, na upana wa ukuta, na umbali wa benchi la tatu, kila kitu alichofundishwa na Frédéric. Katikati ya hayo yote palikuwa na kiraka kizuri kisichoonekana mshono.

Hapo nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba alimwambia dada yangu abaki nyumbani apike maharage. Nilimwambia kwamba Agnès alivua kilemba kilichokuwa kimeshafungwa. Nilimwambia kwamba haikuwa koo. Nilikuwa nimeyaweka maneno hayo muda mrefu kama sindano kwenye ukosi, na niliyachomoa moja moja.

"Njo vile," alijibu kwa kila moja. "Njo vile, shemeji." Hakusema Gédéon, hakusema wateja. Ningependa angejitetea, maana ningepata pa kumshika.

Siku ya arusi nyumba ilijaa wanawake asubuhi na mapema. Uani, kwa mara ya kwanza tangu zamani, ulisimama ule mwanzi wa kuanikia nguo, umepanguswa, na maikrofoni mbili juu yake zikitazama mlango. Naomie alikuwa amevaa gauni langu, na sisemi mengi juu yake ila kwamba lilimkaa. Kabla hajatolewa, Venant alimkalisha kwenye kiti. Akawaomba kina mama wanyamaze. Naomie alikuwa ameshaambiwa atasikia nini; alikunja mikono mapajani akafumba macho.

Mimi nilikuwa na mpango wangu na sikumwambia mtu. Nilisogea taratibu mpaka upande wa kulia, mbele kidogo, mahali ambapo katika wimbo ule lilikuwa benchi la tatu. Nami ni mtoto wa Lemera. Nilisema, ubeti wa tatu ukikaribia kuisha nitapiga mimi, kwenye lile pengo, na ukuta utaniitikia mimi. Kwa muda wa pumzi moja mtoto atakuwa na impundu nzima, za mama yake mdogo na za kanisa lake.

Wimbo ukaenda. Ubeti wa tatu ukapanda. Nilivuta pumzi, nikangoja neno la mwisho, nikafungua kinywa.

Nilichelewa. Mkia ule ulikuwa umeshapita kushoto umekwisha, na impundu zangu ziliangukia katikati ya ubeti wa nne, zikazama kwenye mapazia na makochi. Hakuna ukuta ulioitika. Naomie alifumbua macho akanitazama, machozi yakamshuka juu ya poda. Wanawake hawakujua kama wafuate au wasifuate, wakatazamana. Nilisikia aibu, na chini ya aibu nilisikia uchungu ambao hata siku ya mazishi sikuusikia.

Venant alizima spika. Alinijia akanishika kiwiko.

"Usijisumbue, shemeji. Hata minye nilikuwa nachelewa kila mara," alisema. "Alitutangulia sisi bote."

Kisha akamshika binti yake mkono akamtoa.

Rekodi ya uani anayo, na hajaigusa. Nimeisikia mara moja tu, nikiwa kwenye kile kiti. Kuna kuku, kuna pikipiki za barabarani, kuna mtoto anaomba maji. Kuna viatu vya Naomie kwenye simenti vikikaribia mlango. Pale kizingitini vinasimama, na unawasikia kina mama wote, kulia, kushoto na nyuma yako, wakivuta pumzi kwa pamoja na kungoja mmoja atangulie.